Maneno Mekundu kwenye Ukuta wa Mama Mkuu

Watu walitoka kanisani wakakuta ukuta wa nyumba yetu umeandikwa.

Herufi nyekundu, ndefu kama mtoto wa chekechea, kuanzia getini mpaka kona:

NYUMBA HII HAIUZWI. MNUNUZI JIHADHARI.

Hapa Ibadan ukikuta maneno hayo ukutani huulizi bei. Unajua humo ndani ndugu wanagombana, na ukinunua nyumba unanunua na kesi yake. Unapita zako kimya kimya hata kama fedha unazo mfukoni.

Mtaa mzima ulisimama pale na nguo za kanisani, kila mtu na lake.

"Hii kazi ya ndugu wa mume, hii!"

"Nani mwingine? Mjane akitaka kuuza tu, wanafufuka wote."

Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi, nakodoa macho kama wao.

Nisiwazungushe. Niliandika mimi.

Naitwa Arike. Niliingia nyumba ile nikiwa na miaka kumi na miwili, nimemaliza darasa la sita tu, kwetu wakasema inatosha. Nikaletwa Ibadan nimsaidie kazi Mama Mkuu.

Hilo ni jina la mtaani. Jina lake Abosede Olaniyan, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mjane. Sikusoma zaidi, lakini hakunipiga hata siku moja. Alinipa chumba changu uani, na asubuhi aliniruhusu nikaange akara za kunde getini, faida yangu.

Miaka kumi na miwili nimeishi hivyo. Hesabu wenyewe, nilikuwa na ishirini na nne.

Sasa, Mama Mkuu alikuwa na deni.

Mwanawe wa pekee alitaka kwenda Kanada. Mama akakopa kwenye chama cha akiba na mikopo cha walimu, wakala wa safari akala fedha zote akapotea. Mama akakopa tena. Safari hii kijana akafika, akapiga simu miezi mitatu, kisha simu zikaanza kuwa za Krismasi tu.

Deni likabaki Ibadan. Naira milioni saba.

Na Julai Mama anatimiza miaka sitini. Anastaafu.

Ubaya wa mkopo ule ulikuwa huu: ukistaafu hujamaliza, chama kinaanza kukata mishahara ya waliokudhamini. Kiinua mgongo chako hakiwezi kukuokoa, maana kwetu mtu anaweza kukisubiri miaka hata akasahau alikuwa anasubiri nini. Mama alidhaminiwa na walimu wawili vijana wa shuleni kwake. Mmoja aliitwa Mwalimu Gbenro, mke wake ana mapacha wachanga.

Kwa hiyo ilikuwa nyumba iuzwe kabla ya Julai, au vijana wale walipe.

Mwezi mzima Mama alikuwa hali vizuri. Anatafuna mara mbili anasukuma sahani. Asubuhi moja ananiuliza, "Arike, ungekuwa wewe, ungeuza?"

"Ni nyumba yako, Mama."

"Sijakuuliza ni ya nani."

Nikajifanya mafuta yanaungua.

Alhamisi moja dalali akaja na mteja, mfanyabiashara wa saruji, tumbo mbele. Akagonga kuta, akapima ua kwa hatua. Akafika chumbani kwangu, akasukuma mlango. Mimi nimesimama palepale na trei ya maji.

"Hiki tunabomoa," alisema. "Tunaweka stoo."

Hakunitazama. Nguo zangu ziko kwenye kamba, kitanda changu kinaonekana, na yeye anasema stoo.

Alipoondoka Mama akaniambia, "Jumanne analeta fedha. Milioni ishirini na tano. Nitalipa deni, nitafute vyumba viwili mahali, nimalizie uzee wangu bila kudaiwa."

Vyumba viwili. Niliposikia hivyo nilihesabu: kimoja cha kulala, kimoja cha kukaa. Changu hakimo.

Sikumuuliza. Laiti ningemuuliza! Ni swali la pumzi moja tu.

Badala yake Jumapili nikasema tumbo linaniuma. Mama akaenda kanisani, majirani wakaenda, mtaa ukabaki na kuku na mimi.

Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na kopo la rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu. Lilikuwa la Baba Lamidi, mdogo wa marehemu mume wa Mama. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ametutengenezea geti, kopo likabaki.

Nikapanda juu ya kiti cha jikoni. Nikaandika.

Nilijiambia namwokolea Mama nyumba yake. Mkono unaandika, moyo unasema, "Arike, unamwokoa." Kumbe nilikuwa naokoa kitanda changu.

Sasa turudi pale watu walipotoka kanisani.

Mama alishuka kwenye teksi. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya ukuta, akakunja macho, akasoma taratibu mpaka mwisho. Nilisubiri apige kelele au aanguke.

"Arike," alisema, "songa eba. Nina njaa."

Akala sahani nzima ya ugali ule wa muhogo. Akaongeza. Mimi nikasema moyoni, mshtuko huo, mshtuko unaweza kumfanya mtu ale asijue anakula.

Nje hawakuwa wamemaliza. Jirani mmoja alikuwa amechovya kidole kwenye herufi, ananusa. "Rangi hii si ya mafundi wa geti? Ya Baba Lamidi hii!"

"Si ndiye aliyesema siku ya Idi nyumba ya kaka yake haiuzwi akiwa hai?"

"Alisema! Nilikuwepo, nakula nyama yake."

Na kweli alisema. Lakini alisema anacheka, mfupa mkononi, na mwisho akamwambia Mama, "Mke wetu, wewe ndiye uliyejenga, fanya utakavyo." Hilo la mwisho hakuna aliyelikumbuka.

Jumatatu dalali akapiga simu.

"Mama, mteja amekimbia."

"Nitafuta hayo maneno leo hii."

"Futa, paka hata dhahabu. Mtaa umeshasoma, Mama. Ukifuta ndiyo watasema unaficha."

Tukapaka chokaa. Mvua ya kwanza tu, wekundu ukatoka juu, kama mtu aliyevaa shati jeupe na jeraha ndani. Madalali wengine wakaja, wakafika getini, wakageuka.

Jumamosi ya wiki iliyofuata ukoo ukaitisha kikao kwenye boma la familia. Mama akanichukua nikagawe maji.

Mzee wa ukoo, Baba Agba, akamuuliza Baba Lamidi: "Rangi ni yako?"

"Rangi ni yangu."

"Uliandika?"

"Sikuandika."

"Basi nani aliandika? Kopo liliota mikono?"

Watu wakacheka. Baba Lamidi hakucheka. Ni mtu wa utani yule, haingii nyumba bila kumchokoza mtu, lakini siku ile alikuwa anatazama viganja vyake tu.

"Nileteeni chuma," alisema.

Kwetu anayefanya kazi ya chuma haapi kwa kitu kingine. Panga likaletwa. Wajukuu zake wako pale wanachungulia. Akaliinua, akaligusisha ulimi.

"Kama niliandika maneno yale, au nilimtuma mtu, chuma hiki kinachonipa riziki kinigeuke."

Akaliweka panga chini.

Mimi nilikuwa nyuma yake, jagi mkononi. Maneno yalinifika kooni. Namwambia Mungu, mtu mmoja tu aniulize. Mmoja tu, nitasema.

Hakuna aliyeniuliza. Msichana wa maji anaulizwa nini?

Nikamtazama Mama. Na yeye alikuwa ananitazama. Akageuza uso haraka.

Nikafikiri hapo yameisha. Kaapa, amesafishika.

Mei, kipande cha chuma cha moto kikamdondokea Baba Lamidi juu ya mguu akiwa kazini. Kikachoma mpaka ndani. Ajali ya kawaida, kila fundi wa pale ana kovu. Lakini nyie, mtaa ulivyoipokea!

"Chuma kimemjibu."

"Si alilamba mwenyewe? Nani alimlazimisha?"

Wateja wakaanza kumkwepa. Nani atakubali geti lake lichomelewe na mtu aliyeapa uongo juu ya chuma? Kidonda kikawa hakikauki, na wao ndiyo wanazidi kuhesabu ushahidi. Mke wake alikuja kununua akara kwangu amefunika uso kwa mtandio kama mwizi.

Nilimwongezea akara mbili. Fikiria. Mtu nimemvunjia jina, namwongezea akara mbili.

Julai Mama akastaafu. Walimu wakampa saa ya ukutani na kitenge, watoto wakaimba. Mwalimu Gbenro ndiye aliyebeba saa mpaka kwenye gari, anatabasamu.

Septemba, mchana, geti likagongwa. Alikuwa mke wa Mwalimu Gbenro, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi.

"Mama, sikuja kugombana," alisema.

"Kaa, mwanangu."

Hakukaa. Akatoa karatasi ya mshahara wa mumewe. "Wamekata nusu. Wamesema ni kila mwezi mpaka deni liishe. Mume wangu kasema nisije. Kasema wewe ndiye uliyemfundisha kazi, hawezi kukudai. Lakini hawa hawanyonyi heshima, Mama."

Mama akaishika karatasi, akaisoma mpaka chini. "Unajua yaliyonikuta. Nyumba imekataa kuuzika."

"Nyumba haina mdomo, Mama. Watu ndio wanaokataa."

Akafunga vizuri kitambaa cha mtoto wa mgongoni, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, kwa adabu, na ndiyo iliyonimaliza.

Nikapiga magoti palepale sebuleni.

"Mama, niliandika mimi."

Sikungoja aniulize. Nikamwaga yote: kopo, kiti, chumba changu, stoo ya saruji, vyumba viwili. Nalia mpaka kamasi. Nikasema anipige, anifukuze, anipeleke polisi.

Mama alikuwa anatazama mlango uliofungwa.

"Inuka," alisema. "Nilikuona."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Jumapili ile nilikuwa nisome somo kanisani. Nimekaribia kufika nakumbuka miwani imebaki mezani. Nikamwambia mwenye teksi turudi. Tulipokata kona nikakuona juu ya kiti, na brashi yako. Ulikuwa umeandika maneno mawili tu. NYUMBA HII."

Akaendelea, macho bado mlangoni.

"Rangi mbichi. Ningepiga kelele, ungeshuka, tungefuta kwa kitambaa, dakika tano. Nikamwambia dereva, geuza."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nilijua utamalizia nini. Sikutaka kuuza, Arike. Miaka kumi na tisa nimejenga nyumba hii, tofali kwa tofali, mshahara kwa mshahara. Na sikuwa na uso wa kuwaambia wale vijana kwamba sitaki. Wewe ukaniletea sababu. Nikakaa kanisani nikasoma somo bila miwani, nakosea kila mstari, na moyo wangu mwepesi."

Ndiyo maana alikula eba ile. Hakuwa na mshtuko. Alikuwa na nafuu.

"Na Baba Lamidi?" niliuliza.

Akaikunja ile karatasi ya mshahara, akaikunja tena.

"Pale kwenye kikao nilikuwa nakutazama. Naomba useme. Na naomba usiseme."

Miezi sita nilibeba mzigo ule nikidhani uko kichwani kwangu peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, jiko moja, meza moja, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu anachokijua. Ajabu ni kwamba kujua tuko wawili hakukuupunguza hata kidogo.

"Wewe uliogopa kukosa pa kulala," Mama alisema. "Mimi nilikuwa mwalimu mkuu." Akasimama, akafunga kilemba. "Chukua mtandio wako. Twende sasa hivi, maana nikikaa nitapata sababu nyingine."

Tulimkuta Baba Lamidi nje ya karakana yake, mguu juu ya kigoda, bandeji imeloa. Hakuna mteja. Mashine imefunikwa gunia.

"Ee, mke wetu!" alisema. "Leo umekumbuka njia? Au umekuja kuona chuma kimefikia wapi?"

Mama akapiga magoti kwenye mchanga wa chuma. Ana miaka sitini, amemzidi yule mzee minne, akapiga magoti. Nami nyuma yake.

"Mume wangu," alisema. Ndivyo mke kwetu anavyowaita hata wadogo wa mumewe. "Hukuandika. Nilijua tangu siku ile. Nilikuacha ulambe panga nikijua."

Nikasema na yangu.

Baba Lamidi hakupaza sauti. Alinigeukia mimi.

"Rangi uliyotumia ni ile ya kopo la nyuma ya tangi?"

"Ndiyo, Baba."

"Nilikuachia ile. Niliona dirisha la chumba chako limeliwa na kutu. Nikasema nitamwambia huyu mtoto apake, nikasahau kukwambia."

Jamani. Bora angenipiga.

Kisha akamgeukia Mama. "Nyumba unataka kuuza au hutaki? Nijibu leo, maana mguu wangu umechoka kuwa jibu lako."

"Nauza."

"Basi mtarudi palepale nilipolamba chuma. Watu walewale. Wajukuu zangu wakiwepo. Mseme mlivyosema hapa. Nusu sitaki."

Tulisema. Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya Baba Agba na boma zima.

Midomo ikafunguka. "Huyu wa jikoni? Kumbe kuandika anajua?" Mwingine: "Na wewe mwalimu, ndiyo ulikuwa unafundisha watoto wetu hivi?" Mama hakujitetea. Mimi nilitazama miguu ya wajukuu wa Baba Lamidi, maana nyuso zao sikuweza.

Baba Agba akauliza faini gani itozwe. Baba Lamidi akasema hataki mbuzi wala pombe. "Aliyesema chuma kimenijibu, naye aende akaseme alikosea. Kwa miguu yake."

Wachache walikwenda.

Mwezi wa kumi na moja dalali akaleta mteja mwingine. Baba Lamidi akaja na fimbo yake akasimama naye getini, akamwambia yeye ndiye ukoo, na ukoo hauna neno. Akatia sahihi ya ushahidi. Mteja alipunguza bei, alijua tumebanwa. Milioni kumi na tano. Chama kikalipwa chote, na walimu wawili wakarudishiwa kila senti iliyokatwa. Mama mwenyewe alimpelekea mke wa Mwalimu Gbenro fedha zao, kwa mkono wake. Yule mke alizipokea mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

Mama alipanga vyumba viwili. Aliniambia kimoja ni changu, na kwamba kilikuwa changu tangu alipovitaja mara ya kwanza, sebule ya nini kwa mtu mzima mmoja.

Nilikataa. Si kwa hasira. Sikuona ninakistahili.

Sasa nimepanga kwingine, na meza yangu ya akara iko kando ya karakana ya Baba Lamidi. Mguu ulikauka lakini anachechemea, kusimama kutwa hawezi tena. Wateja wamerudi nusu. Wapo ambao ukweli haukuwafika, au uliwafika wakaona uongo ulikuwa mtamu zaidi. Mtu akinunua akara akamtazama mguu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiye yule aliyeapa?", naweka kijiko chini namweleza. Ni mimi niliyeandika. Namweleza mpaka mwisho, akara zikiungua ziungue.

Baba Lamidi hajawahi kuniomba nifanye hivyo. Hununua akara zake kila asubuhi, na hajawahi kukubali hata moja ya bure.

Nimeandika haya kwa sababu watu wanadhani ubaya ni mpaka useme uongo. Siku ya kiapo kile, mimi na Mama Mkuu hatukusema uongo hata mmoja. Tulinyamaza tu, kila mtu na sababu yake nzuri, na mwenye haki akawa anachechemea badala yetu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu leo amebeba lawama yako, usingoje kuulizwa. Hutaulizwa. Inuka ukamtue.